Kisasi cha Ng'ambo ya Barabara

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Profesa,

Usishtuke kuona karatasi. Najua wewe na karatasi mliachana zamani. Lakini barua pepe yangu si yangu tena, tovuti si yangu, na ukurasa wa duka si wangu. Kuna mtu kakaa humo ndani, kavaa jina langu, anasoma kila kinachoingia. Simu nayo nimeizima nikaitupa kwenye droo ya misumari, maana kila ikilia ni mteja analia au mteja anatukana. Nimebakiwa na kalamu.

Kazi yangu unaijua. Nashona viatu vya miguu ambayo haiingii kwenye viatu vya dukani: mguu mfupi, mguu uliopinda, mguu uliokatwa vidole kwa kisukari. Wenye miguu hiyo hawapendi kukodolewa macho, ndiyo maana tovuti ilinisaidia. Mteja anajifungia chumbani kwake, anapiga picha ya mguu, anaituma, naiona mimi peke yangu. Wengine sijawahi kuwaona sura. Nawajua kwa nyayo tu.

Wiki iliyopita picha zote zilitolewa nje. Ziliwekwa kwenye ukurasa wangu mwenyewe, na ile alama yangu ya soli juu kabisa. Miguu ya watu na majina yao, na chini yake maneno haya: "Onyesho la bure, karibuni mcheke." Na watu wakaja, wakacheka.

Unamkumbuka Mwalimu wa hesabu, yule aliyekufundisha kugawanya? Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Nimemshonea tangu ameanza kazi, soli ninaificha ndani ya kiatu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kujua. Juzi kaingia darasani akakuta mguu wake umechorwa ubaoni kwa chaki. Alifuta ubao, akachukua mkoba wake, akatoka. Hajarudi shule mpaka leo.

Sasa aliyefanya nakutajia. Ni Kidoti. Yule msichana mwenye doti juu ya mdomo. Nilimtoa kwenye kufagia vipande vya ngozi, nikamfundisha mpaka akashika sindano ya ngozi kama mimi. Mwaka jana akaanza kuniotea mapembe. Akasema namfunika, kila kiatu anachoshona kinatoka kwa jina langu. Tukarushiana maneno mbele ya wateja, akakusanya vitu vyake, akaenda kufungua duka ng'ambo ya barabara. Mlango wake unatazamana na wangu, nikipiga chafya ananisikia. Na neno langu la siri alikuwa analijua, maana ni moja tu kwa kila kitu. Nani mwingine basi?

Usiniambie mimi mzembe. Siku mbili kabla ya balaa, kampuni inayotunza tovuti ilinitumia ujumbe kwamba tovuti itafungwa nisipojithibitisha. Nikajithibitisha palepale, hata gundi mikononi haijakauka.

Sitaki pole. Wewe unalipwa kulinda mitambo ya watu, na anayejua kufunga anajua kuvunja. Nivunjie mlango wake. Nataka siku moja afungue duka asubuhi akute hana jina, hana mteja, hana chochote. Alichonilisha nimlishe, kijiko kwa kijiko.

Dada yako,
Bi Soli


Tarehe 11, mwezi wa tatu

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka gundi na hasira, na vyote viwili vinalevya. Pole umeikataa, basi sikupi. Lakini nilipofika pale pa Mwalimu kufuta ubao, niliiweka barua chini nikatoka nje. Yule mama aliniambia mimi si mjinga wakati hata wewe ulikuwa unasema ni mjinga.

Kuvunja mlango wa Kidoti, hapana. Hapa kazini nimepewa funguo kwa sababu wananiamini, siku nikiingia kwa mtu bila ruhusa ndiyo siku ninayokabidhi kitambulisho. Halafu wewe hujamwona akifanya. Umemshuku.

Tufunge nyumba kwanza. Mwizi bado yuko sebuleni kwako, na wewe unanoa panga umfuate jirani!

Anza na barua pepe, kwa kuwa hiyo ndiyo mama wa akaunti zote. Popote utakaposema umesahau neno la siri, njia ya kulibadili inatumwa huko, kwa hiyo aliyeishika ameshika zote. Toa simu kwenye misumari. Ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, siyo namba iliyokuja kwenye ujumbe wowote. Watakuuliza maswali na kitambulisho, wajibu bila kugomba. Ukishaingia, tafuta palipoandikwa kutoka kwenye vifaa vyote, ubonyeze. Kubadili kufuli wakati mwizi yumo ndani ni kujisumbua.

Kila akaunti iwe na neno lake. Sitaki kusikia jina la marehemu baba na mwaka uliozaliwa, hilo hata mwenye genge analijua. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, uyaunganishe. Yakikushinda kukumbuka, yaandike uyafungie kabatini. Mwizi wa mtandao hafungui makabati. Kisha washa uthibitisho wa pili, ili kila anayeingia aombwe pia namba inayokuja kwenye simu yako. Mtu yeyote akikuomba umtajie hiyo namba, hata akisema ndiye mimi, mtukane.

Angalia ni akina nani wamesajiliwa kama wasimamizi wa tovuti, uwatoe walioondoka. Hili ungelifanya siku Kidoti alipobeba vitu vyake, awe mwizi au asiwe. Na ile programu ya kupokelea picha haijasasishwa tangu duka lifunguliwe, hilo ni dirisha lililooza. Sasisha. Weka nakala ya tovuti mahali pengine, siyo kwenye kompyuta hiyohiyo.

La mwisho linaniuma. Kwa nini ulikuwa bado unatunza picha za miguu ambayo viatu vyake vilishavaliwa vikachakaa? Kiatu kikitoka, picha ifutwe. Kisichokuwepo hakiibiwi.

Nitumie ruhusa yenye saini yako niombe kampuni kumbukumbu za kuingia. Wao wanaandika kila mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa ufunguo upi na kutoka wapi. Itachukua muda. Wewe fikiria tu: watu hawabadili maneno yao ya siri, dada. Lile la kwanza mtu alilopewa ndilo anazeeka nalo. Huenda wa kumtafuta ni mtu ambaye hata humwazi.

Mpaka nikuandikie, Kidoti usimguse.

Mdogo wako,
Profesa


Tarehe 17, mwezi wa tatu

Profesa,

Ruhusa hiyo ndani, saini yangu unaijua, imepinda kama kawaida.

Nimefanya yote. Kijana wa kampuni aliniuliza jina la mama mara tatu mpaka nikamuuliza kama anataka kumposa. Lakini nimeingia. Nimewatoa wote, nimebadili kila kitu, na sasa hata mimi mwenyewe nikitaka kuingia dukani kwangu naombwa namba kama mgeni. Neno jipya la siri sikutajii, ila lina mbuzi ndani. Picha za zamani nimezifuta zote. Nilipokuwa nafuta nilikuwa nawaaga mmojammoja. Picha za kejeli nazo zimetoka kwenye ukurasa, lakini zimeshanakiliwa, zinazunguka kwenye simu za watu kama upele.

Nilikwenda kwa Mwalimu. Alifungua mlango kiasi cha kutoa uso tu. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi." Akasema, "Uliniomba picha ukaniambia utaiona peke yako." Hakupandisha sauti, alisema kama anasoma swali la mtihani. Nikamwambia aliyefanya hivi nitamlipa, haki ya Mungu atalia. Akanitazama, akafunga mlango taratibu. Nilisimama pale nje nikitazama viatu vyangu.

Niliporudi, Kidoti alikuwa anafuta kioo cha duka lake, anaimba. Anaimba, Profesa! Wateja wangu wawili wamo ndani kwake wamekaa kwenye benchi. Mmoja aliponiona akageuza shingo.

Nimekusikia kuhusu kumgusa. Mikono yangu hii haitamfikia. Lakini nikwambie kitu: wewe ni mwalimu mzuri kuliko unavyojijua. Barua yako nimeisoma kila siku nikinywa chai, na kila nikiisoma napata jambo jipya.

Dada yako,
Bi Soli


Tarehe 21, mwezi wa tatu

Mama Fundi, shikamoo.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako kwa sababu sijui kama ungenifungulia. Najua tulivyoachana. Maneno niliyosema siku ile mengine yalikuwa ya kweli na mengine yalikuwa ya hasira tu. Leo si siku ya kuyachambua.

Yaliyokupata yamenipata. Jana asubuhi nimekuta ukurasa wa duka langu umefutwa. Tovuti imefutwa. Oda zote, vipimo vyote, picha za kila kiatu nilichoshona tangu nimeanza kujitegemea, hakuna. Mahali pake kumeachwa maneno: "Fundi huyu ndiye aliyetoa picha za miguu ya watu. Msimpe mguu wenu." Sikuwa na nakala. Nilijua ipo siku nitaiweka.

Saa nne akaja kaka wa yule binti mteja wako, mwenye mguu uliopinda, aliyetolewa picha. Hakuuliza kitu. Alikusanya kalibu zangu kwenye rafu, zile nyayo za mbao ninazoshonea viatu, akazitupa mtaroni moja baada ya nyingine, watu wanatazama. Nilimwambia siyo mimi, akasema mwizi hana kauli nyingine. Kalibu tatu zimepasuka.

Nimekaa nikafikiri. Aliyeingia kwako ndiye aliyeingia kwangu, na anataka tutafunane sisi wenyewe. Anatujua. Tuungane, Mama Fundi. Twende kituo cha polisi pamoja, wewe na mimi, watu wakituona tunatembea pamoja watajua kwamba mimi si adui yako. Nimemwandikia pia mdogo wako, Profesa, anisaidie kutafuta. Najua hatakataa.

Nimejilaumu jambo moja. Neno langu la siri lilikuwa bado lile ulilonipa wewe, siku ile uliponiwekea akaunti ya kwanza ukaniambia, "Na wewe sasa ni mtu." Kila mtu alikuwa ananiambia nilibadilishe. Sikulibadili.

Nakusubiri.

Kidoti


Tarehe 22, mwezi wa tatu

Profesa,

Keti kwanza.

Nimemlipa. Sikuhitaji panga wala mganga wala wewe. Umeniambia mwenyewe, lile neno la kwanza mtu alilopewa ndilo anazeeka nalo. Nilikuwa nakata ngozi, nikacheka mpaka kisu kikanianguka. Neno la kwanza la Kidoti ni nani aliyempa? Nikakaa kwenye kompyuta hapahapa dukani, nikaliandika, na mlango ukafunguka kama umepakwa mafuta.

Sikuharakisha. Nilifuta oda. Nilifuta vipimo. Nilifuta picha moja baada ya nyingine, na nyingine zilikuwa viatu vizuri, sikatai, mshono ni wa kwangu ule. Kisha nikaandika watu wasimpe miguu yao. Asubuhi nilisogeza kiti changu dirishani nikanywa chai nikimtazama akifungua duka. Nilimwona anavyotazama ile simu yake. Alikaa chini, Profesa, kwenye kizingiti. Chai haijawahi kuwa tamu namna ile.

Sasa sikia ujanja. Kaniandikia barua! Ati tumeibiwa na mwizi mmoja, ati tushikane mikono twende polisi. Analia machozi ya mamba na nyama yangu bado imo mdomoni. Ati kakuandikia na wewe. Usimjibu. Mwache atafute.

Tangu wiki ile nilikuwa sili, jana nimekula nikamaliza sahani.

Dada yako,
Bi Soli


Tarehe 23, mwezi wa tatu

Dada, shikamoo.

Nimekupigia tangu asubuhi, simu inasema haipatikani. Nadhani umeirudisha kwenye misumari. Barua hii naiweka kwenye basi la leo.

Kumbukumbu zimekuja. Nimezipitia mstari kwa mstari, nikamwomba na mwenzangu wa kazini azipitie, maana wewe ni dada yangu na sikutaka macho yangu yanidanganye.

Ufunguo wa Kidoti haujatumika hata mara moja tangu alipoondoka kwako. Hajawahi hata kujaribu.

Aliyeingia ametumia ufunguo wako wewe, neno lako wewe, bila kubahatisha, mara moja tu likakubali. Aliingia kutoka nchi ya mbali. Na aliingia muda mfupi baada ya wewe kujithibitisha kwa ile "kampuni". Dada, kampuni haikukutumia ujumbe. Nimewauliza. Ule ujumbe ulikupeleka kwenye ukurasa wa bandia uliofanana na wao, ukaandika jina lako na neno lako kwa mkono wako, na mtu akayapokea upande wa pili.

Huyo mtu hakujui. Anatuma ujumbe huo kwa maelfu ya maduka. Kwa ile ruhusa yako kampuni imenionyesha alivyokuandikia kwenye barua pepe yako akitaka umlipe asizitoe picha, lakini hukuweza kusoma kwa sababu alishakufungia nje. Aliponyamaziwa akazitoa. Maneno yale ya "Onyesho la bure, karibuni mcheke" nimeyakuta neno kwa neno kwenye ukurasa wa mganga wa meno na wa mwenye saluni, watu wasio na uhusiano wowote na wewe. Hata kukutukana hakukutungia tusi lako. Amenakili.

Najua ulitaka mtu mwenye uso. Huyu hana, na polisi wa huko wakimpata tutashukuru, lakini sikuahidi.

Barua ya Kidoti nimepata leo hii nikiwa naandika. Maskini, naye wamemvamia. Nitamsaidia kuomba kumbukumbu zake. Wewe vuka barabara umsalimie. Hana alilokukosea zaidi ya kukua.

Mdogo wako,
Profesa


Tarehe 29, mwezi wa tatu

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani.

Leo sikuamkii. Nimesoma yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikakaa kwenye ngazi. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia sijui niuite nini.

Ulikunywa chai ukimtazama.

Sikia mambo yalivyo sasa. Kidoti ameomba kumbukumbu zake na mimi ndiye niliyemwelekeza namna ya kuomba, kabla sijajua. Kampuni yake itamjibu. Itamwandikia akaunti yake iliingiwa saa ngapi na kutoka intaneti ya nani. Ni intaneti ya duka lako, iliyosajiliwa kwa jina lako. Sitazificha. Sitamdanganya. Akiniuliza, nitamjibu.

Una nafasi ya kumwambia kabla hajasoma. Ni ndogo, lakini unayo. Mvukie.

Profesa


Tarehe 4, mwezi wa nne

Profesa,

Nimezisoma zote mbili. Ile ya kwanza nimeisoma mpaka mikunjo ya karatasi imechanika.

Sitamvukia. Niseme nini? "Samahani, nilikuwa namwinda chui nikapiga mbuzi"? Kila asubuhi naiona milango yake miwili, mmoja anafungua na mmoja anauacha umefungwa. Wateja hawaendi. Anakaa ndani anabandika zile kalibu kwa gundi. Juzi alininyooshea mkono kunisalimia na mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Nataka yule mtu. Yule asiye na uso. Nataka nimshike kwa koo nimkalishe mbele ya Mwalimu. Usiku na mchana namtengenezea sura: nampa pua, nampa meno, nampiga. Kisha sura inabadilika, inaota doti juu ya mdomo. Halafu inabadilika tena, na hiyo ya tatu sikwambii ni ya nani.

Huenda kampuni yake wakachelewa. Huenda wasijibu kabisa. Makampuni yana uzembe.

Dada yako


Tarehe 10, mwezi wa nne

Kwa Fundi wa ng'ambo,

Wamejibu.

Nilikuwa nimeketi na karatasi ile mkononi, nikainua macho, nikaona bango la duka lako kupitia kioo changu. Jina lililoandikwa kwenye karatasi na jina lililoandikwa kwenye bango ni moja. Nilifikiri wamekosea. Nikampigia Profesa. Hakukana. Alilia, na mimi nikawa namtuliza yeye! Hapo ndipo nilipokasirika.

Nimekumbuka ule mkono niliokunyooshea. Nimekumbuka barua yangu chini ya mlango wako, nikikuita tutembee pamoja. Uliisoma, siyo? Uliicheka? Usinijibu, sitaki kujua.

Kituo cha polisi nimekwenda mpaka getini. Kumbukumbu ninazo, na kuingia kwenye akaunti ya mtu ukafuta kazi yake ni kosa, wangekuchukua. Nikarudi. Usidhani ni huruma. Wewe ukiwekwa ndani watu wataanza kukuonea huruma, watasema maskini mama yule, kazeeka, kadhulumiwa, hasira zilimzidi. Wataleta chakula. Na mimi nitakuwa yule binti aliyemfunga mama aliyemlea. Hapana. Hiyo siitaki.

Nataka hivi. Jumamosi asubuhi nitawaita dukani kwangu wateja wote watakaokubali kuja, wa kwako na wa kwangu. Yule kaka aliyetupa kalibu atakuwepo. Mwalimu nimeshamwendea, amesema atakuja. Wewe utavuka barabara, utasimama katikati, utasema kwa mdomo wako aliyetoa picha ni nani, namna alivyoingia, na aliyefuta duka langu ni nani. Yote. Ukiruka moja nitaisoma karatasi. Usipokuja, Jumatatu nipo getini tena, na safari hii nitaingia.

Uliwaambia wasinipe miguu yao. Njoo uwaambie tena.

Kidoti


Tarehe 17, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Nimevuka.

Wamekuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wengine walikuwa watu niliokwambia sijawahi kuwaona sura, nikawatambua wanavyotembea kabla hawajasema majina. Kidoti aliwapa viti. Mimi hakunipa, na mimi sikuomba.

Nilisema. Nilianza na ule ujumbe wa kampuni ya uongo, nilivyoandika neno langu kwa mikono yangu. Mzee mmoja akasema, "Na mimi nimepata kama huo juzi," Kidoti akamwambia asubiri, atamwonyesha baadaye namna ya kuutambua. Nikaendelea. Nilipofika kwenye la kufuta duka, nilisimamia hapo. Nilisubiri mtu aniokoe, aseme imetosha. Hakuna aliyesema. Kidoti alikuwa ameegemea rafu, amekunja mikono, ananitazama vilevile nilivyokuwa namtazama mimi kutoka dirishani. Nikalitoa. Nikasema na lile la chai.

Yule kaka aliyetupa kalibu alishika kichwa. Alimwendea Kidoti akamwambia nitakulipa, Kidoti akamwambia, "Utanilipa, ndiyo. Bei utaipata leo hiihii." Hakumsamehe hata yeye.

Mimi nikamgeukia Mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, nilifanya kwa ajili yako. Hasira yangu ilikuwa ya mguu wako."

Akaniuliza, "Uliniuliza mimi mwenye mguu?"

Nikatazama viatu vyake.

"Ulipokuja kwangu uliniahidi mtu atalia," akasema. "Mimi nilikuwa nataka picha itolewe, na kesho yake niweze kwenda kazini. Kulia nilikuwa nalia mwenyewe, sikuhitaji mwenzangu."

Jumatatu amerudi shule, nimesikia. Amewaambia watoto mguu wake ni mfupi, wapime tofauti, wafanye hesabu ya soli. Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile alivua viatu vyake, vile nilivyomshonea mwaka jana, akavipanga juu ya meza ya Kidoti. Akabaki na soksi mbele ya watu wote. Akamwambia, "Nipime."

Kidoti alipiga magoti. Aliupokea mguu kwa mikono miwili, akauweka juu ya paja lake, akavuta kipimo. Hakupiga picha. Watu wakaanza kusogea, wakitengeneza mstari bila kuambiwa.

Nikaona anapima kisigino akiwa amekikaza, amekielekeza ndani kidogo. Mguu ule naujua kama naujua uso wangu, hupotoka ukikazwa pale. Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Mwanangu, kisigino hicho usikikaze, kiachie kidogo."

Hakuinua kichwa. Aliachia kisigino, akapima upya, akaandika. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwambia mteja bei:

"Niite Fundi."

Duka zima likanisubiri.

Nikamwita. Kisha nikatoka, nikavuka barabara.

Dada yako,
Bi Soli